Kondoo wangu anasogea mbali na watoto wake wakitaka kunyonya, je anawachukia?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Chanika, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Nina kondoo jike nilimnunua mnada wa Pugu akiwa na mimba, kazaa watatu, sasa wana wiki tatu. Mtoto mmoja akienda kunyonya mama anasogea, akimfuata anasogea tena, mpaka waje wote ndo anasimama, na akisimama nusu dakika haiishi anawaruka anaondoka. Mmoja amekonda, mgongo umejikunja. Mchana mama anaenda malishoni na kijana kuanzia saa tatu mpaka saa kumi jioni, watoto wanabaki bandani. Jirani anasema huyu mama anawachukia watoto nimfunge miguu, shemeji anasema huyo mdogo nimtoe nimlee ndani kwa chupa. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu, na asante kwa kueleza vizuri, maana wengi wananiandikia "kondoo wangu hanyonyeshi" basi ujumbe umeishia hapo, wewe umenipa mpaka saa anazotoka na saa anazorudi, na hapo kwenye saa ndo penye jibu lako, nitafika.

Kwanza nikutoe wasiwasi, huyo mama hamchukii mtu. Kondoo anayemkataa mtoto utamjua tu, anamnusa mkia halafu anamgeukia anampiga kichwa, anambamiza ukutani, mtoto akija tena anapigwa tena, na mara nyingi hilo linaonekana siku ile ile ya kuzaa au kesho yake. Wako anasogea tu. Akija mmoja anasogea, wakija wote anasimama. Hiyo ni tabia ya kawaida kabisa ya kondoo mwenye mapacha na inakuambia kwamba wote watatu anawajua ni wake. Lakini hapo hapo una mtoto anayekonda, na hilo ni tatizo la kweli la kushughulikia leo, sio wiki ijayo. Haya ni mambo mawili tofauti na jirani yako kayachanganya, kaona mama anakimbia, kaona mtoto kakonda, akaunganisha.

Twende taratibu. Siku mbili tatu za kwanza mama kondoo anakubali kila kitu, mtoto akija saa yoyote anasimama, hata akija peke yake, hata akining'inia kwenye chuchu dakika nzima au mbili mama katulia anatafuna. Kipindi hicho wananyonya mara moja mpaka mbili kwa saa, usiku na mchana. Wiki ya pili inapoanza mambo yanabadilika kidogo kidogo, sasa mama ndo anaamua. Muda wa kunyonya unafupika mpaka sekunde 20 au 30 hivi, halafu anainua mguu wa nyuma anawaruka mbele anaondoka. Mtu ambaye hajazoea akiona hivo anadhani watoto wamekatishwa, kumbe kwa umri huo mtoto mwenye nguvu sekunde 20 zinamtosha, anavuta haraka sana, anagonga kiwele kwa kichwa mara mbili tatu maziwa yashuke, anameza, kwisha. Akiendelea baada ya hapo anavuta chuchu tupu na meno yanamuumiza mama.

Na hilo la kusubiri wote wawepo, ndo ninalolipenda zaidi kwenye tabia za kondoo. Kuanzia wiki ya pili na kuendelea, kondoo wengi wenye mapacha hawakubali mmoja anyonye akiwa peke yake. Mmoja akija mama anasogea, anainua kichwa, analia, anaangalia huku na huku, mwenzake akisikia anakuja mbio, sasa wakishafika wote ndo anasimama. Faida yake unaiona mwenyewe ukifikiria, maana angekuwa anamkubali kila anayekuja, yule mwenye nguvu na tamaa angekuja mara kumi na yule mpole angekuta kiwele kitupu kila akija. Kwa kuwaita wote anahakikisha kila mmoja angalau yupo mezani chakula kinapotolewa. Kwa hiyo ukimfunga miguu ili yeyote anyonye saa yoyote, unakuwa unamsaidia yule mnene. Yule mnene ndo atakayefika wa kwanza kila saa.

Sasa jioni ukipata nafasi kaa pembeni, mbali kidogo, uangalie wananyonyaje. Mtoto halali anasimama ubavuni kwa mama, kichwa kiko kwenye kiwele na matako yameelekea kwenye pua ya mama, mkia unatikisika kwa kasi. Mama anageuza shingo anamnusa pale chini ya mkia. Hapo ndo anamkagua. Harufu ya pale ndo kitambulisho cha mtoto. Ndo maana mtoto wa kondoo mwingine anayetaka kuiba maziwa haji ubavuni, anakuja kwa nyuma, anaingiza kichwa katikati ya miguu ya nyuma, mahali ambapo pua ya mama haifiki. Na kwenye watatu kama wako, yule wa tatu utamkuta mara nyingi anatumia mlango huo huo wa nyuma ijapokuwa ni mtoto halali wa nyumba, kwa sababu ubavu wa kulia umeshachukuliwa na wa kushoto umeshachukuliwa.

Hii habari ya harufu imechunguzwa sana. Mwaka 1983 watafiti wa Cambridge kule Uingereza walionyesha kwamba ile njia ya uzazi kutanuka mtoto anapopita ndo inawasha umama kwenye ubongo wa kondoo, na baadaye ikaeleweka kwamba homoni ya oksitosini ndo inafanya kazi kubwa pale. Baada ya hapo mama ana kama saa moja au mbili hivi za kulamba mtoto na kuijifunza harufu yake, na dirisha hilo likishafungwa mtoto mwingine wa kigeni akija anafukuzwa. Sura na sauti vinafuata baadaye kidogo, na usidharau sura, mwaka 2001 watafiti wa Babraham, hapo hapo karibu na Cambridge, walionyesha kondoo anaweza kukumbuka sura za kondoo wenzake 50 kwa zaidi ya miaka 2. Watu wanasema kondoo mjinga, mimi huwa nawaambia kaeni naye bandani muone.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako, usiwaogeshe hao watoto. Najua Chanika kipindi cha mvua banda linakuwa tope na watoto wananuka, kuna mtu atakwambia waoshe kwa sabuni au wapulizie dawa ya kunukia, usifanye. Wakiwa wachafu badilisha matandiko, weka maranda makavu au nyasi kavu. Na ukitaka kuwawekea alama ujue nani ni nani, nunua ile chaki ya rangi ya mifugo kwenye maduka ya pembejeo, paka mabegani au shingoni, kamwe usipake karibu na mkia.

Sasa hesabu yenyewe. Kondoo ana chuchu mbili tu. Mapacha wawili kila mmoja anachukua upande wake, na ukiwaangalia siku kadhaa utaona kabisa huyu wa kushoto habadiliki na yule wa kulia habadiliki. Watatu wakiwepo wawili wanajimilikisha na wa tatu anakuwa wa kubahatisha, anaruka huku anasukumwa, anaruka kule anasukumwa, na kunyonya kwenyewe ni sekunde 20. Akipoteza sekunde 15 kutafuta nafasi kimebaki nini? Halafu kuna hili la wingi wa maziwa. Kondoo mwenye mapacha wawili anatoa maziwa zaidi kuliko mwenye mmoja, kama theluthi moja zaidi hivi, kwa sababu kiwele kinanyonywa vizuri mpaka kinaisha. Wa tatu akiongezeka maziwa hayaongezeki kwa kiasi hicho tena, yanaongezeka kidogo sana. Na kilele cha maziwa ya kondoo ni wiki ya tatu mpaka ya nne baada ya kuzaa, yaani sasa hivi ulipo. Ukisema nisubiri labda maziwa yataongezeka, hapana dada, baada ya hapa yanashuka.

Kondoo wetu hawa, wa Kimaasai wekundu, wale wa kichwa cheusi, na machotara yao, kwa kawaida wanazaa mmoja, wawili unashukuru. Watatu ni nadra. Kuna aina za nje kama wale wa Finland ambao watatu au wanne ni jambo la kawaida, lakini wafugaji wao wanajipanga tangu mimba, kuna chakula cha ziada na kuna watu wa kulisha kwa chupa. Wako kakubebea watatu mwenyewe, umemkuta mnadani hujui hata kalishwa nini njiani, kuwafikisha wote hai wiki ya tatu kwa kweli kafanya kazi kubwa huyo mama.

Haya, tuje kwenye saa. Unasema mama anatoka saa tatu asubuhi anarudi saa kumi jioni na watoto wanabaki bandani. Hapo ndo penye shida yako kubwa kuliko zote. Hiyo ni saa saba. Watoto wa wiki tatu wakiachwa na mama yao wananyonya karibu kila saa, saa na nusu. Kwa hiyo unawaondolea milo mitano sita kila siku, halafu jioni wote wanamrukia mama kwa mara moja na njaa ya siku nzima. Katika fujo ile nani anakosa? Ni yule yule wa kubahatisha. Wawili wenye chuchu zao wanajaza tumbo mpaka linaning'inia, wa tatu anapata mabaki, usiku anajaribu jaribu, asubuhi saa tatu mama kaondoka tena. Na kiwele nacho kikijaa kikakaa saa nyingi bila kunyonywa mwili unapokea habari kwamba maziwa hayahitajiki, unapunguza kutengeneza. Mama mwenyewe anarudi kiwele kimevimba kinauma, ndo maana jioni unamuona mkali zaidi na anaruka mapema.

Najua kwa nini watu wanafanya hivo. Watoto wakitoka wanachoka, mbwa wapo, bodaboda wapo, barabara ile ya kwenda Mvuti sio mchezo. Sikulaumu. Lakini kwa mama wa watatu utaratibu huo haufai mpaka watoto wafike angalau wiki sita hivi na wameshaanza kula vizuri. Kama unaweza, mama abaki nyumbani uletewe majani, wale vijana wanaouza majani kwa mzigo wapo wengi siku hizi, au kata mwenyewe mabingobingo. Kama hilo ni gharama basi kijana amrudishe saa sita mchana, akae na watoto mpaka saa tisa, atoke tena jioni kidogo jua likipoa. Au amchungie hapo hapo kwenye viwanja visivyojengwa karibu na nyumba, na watoto wamfuate. Lakini ukiwatoa wote tembea polepole. Kondoo hahesabu watoto wake vile sisi tunavyohesabu, anasikiliza sauti na kuangalia, wawili wakiwa wanalia karibu yake anaweza kuondoka kabisa wa tatu kabaki amelala chini ya mkorosho. Kijana afundishwe hilo, kabla ya kuhama sehemu aone vichwa vitatu.

Mama akirudi usifungue tu mlango wakarukiana. Muweke kwenye kona, mpe pumba kidogo kwenye chombo ili atulie, mtu mmoja amshike kwa upole chini ya kidevu, wewe chukua yule mdogo muweke kwenye chuchu moja na mwingine mmoja upande wa pili, yule mnene kuliko wote umshike wewe asubiri. Mdogo akishapata mivuto ya kutosha unaona koo linameza na tumbo linajaa, ndo unamwachia mnene. Fanya hivo asubuhi kabla ya kutoka na mchana na jioni. Muache mama amnuse mdogo mkiani wakati ananyonya, usimgeuzie upande mwingine, kunusa kule ndo kunamweka kwenye familia.

Hata hivyo, hiyo peke yake haitamtosha huyo wako aliyejikunja mgongo. Anahitaji chupa. Ila sikubaliani na shemeji kwenye kumtoa akalelewe ndani. Ukikaa naye ndani siku kadhaa akirudi bandani ana harufu ya jikoni, ana harufu ya watu, hajui tena kukimbilia mama akiita, na mama mwenyewe ameshazoea wawili. Umri huu huwezi kutegemea atapokelewa tena. Mlishe kwa chupa lakini bandani, pale pale mbele ya mama na ndugu zake, na wakati mzuri ni mara tu baada ya kunyonya kwa mama, ili kwanza avute kile anachoweza kupata kwa mama halafu wewe unajazia. Ukimpa chupa kabla, ataenda kwa mama akiwa kashiba, atalegea, na nafasi yake ndogo aliyonayo ataipoteza.

Maziwa ya ng'ombe yanafaa, ya mbuzi yanafaa. Usiongeze maji. Maziwa ya kondoo yenyewe ni mazito, mafuta yake ni asilimia 6 mpaka 7 wakati ya ng'ombe ni kama 4, sasa ukichukua ya ng'ombe ukayazimua na maji mtoto anajaza tumbo bila kupata kitu. Na hapa mjini chunga, kuna maziwa ya kwenye madumu yameshazimuliwa kabla hujayafikia, nunua kwa mfugaji unayemuona anakamua. Chemsha, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu la mwili, kama nyuzi 38 au 39, ukidondoshea mkononi usisikie moto wala baridi. Kiasi, mwanakondoo kwa siku nzima anahitaji maziwa kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake. Mpime kwa ule mzani wa kuning'iniza wa sokoni, muweke kwenye kikapu. Tuseme ana kilo 4, mahitaji yake yote ni mililita 600 mpaka 800, na kwa kuwa anapata kidogo kwa mama wewe anza na mililita 300 mpaka 400 kwa siku, ugawe mara nne. Usimpe zote kwa mkupuo atahara. Akiwa anakunywa asimame kwa miguu yake minne, kichwa kwenye usawa ule ule angekuwa nao chini ya mama, usimlaze mgongoni kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia kwenye mapafu na hapo unampoteza kwa haraka. Chupa na chuchu ya mpira osha kwa maji ya moto kila baada ya kutumia. Mpime kila wiki siku ile ile, andika ukutani kwa chaki, uzito ukipanda uko sawa, ukisimama ongeza maziwa au muite mtaalamu.

Kabla ya yote hayo lakini, leo leo, mshike kiwele mama. Mkono mmoja kila upande. Pande zote mbili zinatakiwa ziwe laini na joto linalofanana. Upande mmoja ukiwa mgumu, wa moto, au wa baridi na umebadilika rangi kuwa kama zambarau, au ukikamua kidogo yanatoka maji maji, mabonge au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele, na hapo maelezo yote yanabadilika, una watoto watatu kwenye chuchu moja. Angalia pia kama mama anachechemea mguu wa nyuma bila kidonda cha mguu, wengi wanachechemea kwa sababu kiwele kinauma. Kisha angalia chuchu zenyewe kama zina michubuko, na midomo ya watoto kama ina vidonda vyenye magamba magamba. Vidonda hivyo ni vya virusi, mtoto anamwambukiza mama kwenye chuchu, mama akinyonywa anaumia anawapiga mateke, na hata binadamu wanavipata mikononi, kwa hiyo vaa glavu. Nimeona mama wengi waliosingiziwa ukatili kumbe chuchu ina kidonda tu.

Chakula cha mama sasa. Majani peke yake hayawezi kulisha watatu. Mpe pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, anza na kidogo, gramu 200 hivi, ongeza taratibu kwa siku kadhaa mpaka ufike nusu kilo au zaidi kidogo, ugawe asubuhi na jioni. Taratibu ni lazima, ukimmwagia pumba au unga mwingi siku moja tumbo linachachuka na anaweza kufa. Maji ndo watu wanasahau kabisa, kondoo anayenyonyesha kwa joto hili la Dar anaweza kunywa lita 6 mpaka 10 kwa siku, sasa kama kijana anamtoa saa tatu na huko hakuna maji mpaka saa kumi, maziwa yatatoka wapi? Na nakuomba sana usimpe chakula cha kuku wala cha nguruwe wala madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kondoo hastahimili madini ya shaba, yanajikusanya kwenye ini polepole na siku yakilipuka anakufa ghafla, mkojo mwekundu, macho ya njano. Tafuta jiwe la chumvi ambalo limeandikwa la kondoo.

Kuhusu kamba ya jirani, kumfunga miguu hapana. Atajiumiza, atajenga hofu na wewe na watoto, na mwenye hofu hashushi maziwa vizuri. Kumshika kwa mkono dakika mbili tatu kama nilivyoeleza inatosha kabisa kwa mama kama huyu ambaye watoto wote anawatambua. Kumfungia kichwa kwenye fremu siku kadhaa wanafanya wafugaji kwa mama anayemkataa mtoto kabisa, au anapobambikiwa mtoto yatima, na hata hapo anakuwa na chakula, maji na uwezo wa kulala.

Hao watoto waanze kula pia. Kuanzia sasa wanaonja onja. Tenga kona ya banda kwa mbao, acha uwazi wa kama sentimita 20 ambao wao wanapita na mama hapiti, weka humo pumba laini na mashudu kidogo, majani machanga na maji safi. Badilisha kila siku, vikilala vikachacha vitupe. Yule mdogo ndo atafaidika zaidi maana kwenye kona ile hakuna wa kumsukuma kwenye chuchu. Akifika wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili na anakula vizuri unaweza kumwachisha, chupa punguza polepole, usikate ghafla.

Umeniuliza pia kwenye ujumbe wa pili kama angepewa kondoo au mbuzi mwingine amnyonyeshe. Kwa wiki tatu muda umepita. Hilo linafanyika saa za kwanza, kondoo mwingine akiwa ndo anazaa, unampaka mtoto wa kuazima yale maji ya uzazi mwili mzima, hasa kichwani na mkiani, unamweka mbele ya pua ya mama mpya anamlamba akidhani ni wake. Na ukibahatika kupata nafasi hiyo siku nyingine usichague kila mara yule dhaifu kabisa kumhamisha, angalia nani hafanani na wenzake, baki na wawili wanaolingana nguvu kwa mama, maana wanaolingana wanagawana sawa.

Na akizaa tena huyu, kwa kuwa ameshaonyesha anaweza kubeba watatu, jipange kabla. Mimba yake ni miezi mitano, na sehemu kubwa ya uzito wa watoto inaongezeka wiki sita za mwisho, hapo ndo aongezewe pumba na mashudu. Siku ya kuzaa muweke kwenye chumba chake kidogo, mita moja na nusu kwa moja na nusu inatosha, akae humo na watoto wake siku mbili tatu bila kondoo wengine kuingia. Wa kwanza akitoka usimbebe kwenda kumfuta ndani, muache puani kwa mama, kwa sababu wa pili na wa tatu wakianza kutoka mama anahangaika na hao na yule wa kwanza anaweza kusahaulika akiwa hajalambwa. Na kila mmoja anyonye dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza mazito baada ya kuzaa, ndani ya saa mbili za kwanza, mwanakondoo anazaliwa hana kinga kabisa mwilini, anaipata kwenye dang'a tu, na utumbo wake unaacha kuipokea taratibu mpaka saa 24 mlango umefungwa. Kipimo ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo wa kwanza, na kufika mililita 200 kwa kila kilo siku ile ya kwanza. Wa tatu akishindwa kamua mama kidogo kutoka pande zote mbili umpe kwa chupa. Ila akiwa wa baridi, ukimtia kidole mdomoni unasikia ubaridi na havuti, mpashe joto kwanza, usimmiminie maziwa.

Anza leo na mambo matatu tu, kushika kiwele, kumrudisha mama mchana, na chupa baada ya kunyonya. Nipe majibu baada ya siku tano pamoja na uzito wa mdogo. Ila ukikuta kiwele kigumu upande wowote, au mdogo kaanza kuhara, au ukivuta kope la chini ukakuta pameupe badala ya wekundu, basi usinisubiri mimi, muite afisa mifugo wa kata yako leo hii aje amuone.